Gari la Lita Moja

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu alikuwa ameifunza methali hiyo darasani kwa zaidi ya miaka 20. Aliiandika ubaoni, akawataka wanafunzi waitungie visa, na akazisahihisha insha zao kwa wino mwekundu. Hata hivyo, kuifunza methali ni jambo moja na kufunzwa nayo ni jambo jingine. Siku ilipomfunza yeye mwenyewe ilimkuta katikati ya kilima, mamake mzazi akiwa ameketi kando yake ndani ya gari lililokatika nguvu, na madereva wa matatu wakimpigia honi kutoka nyuma.

Gari hilo lilikuwa Volkswagen ya aina ile yenye mgongo kama wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma na buti yake iko mbele. Marehemu babake alilinunua mwaka 1974 likiwa tayari limetumika, akalizungusha katika barabara za vumbi za Bonde la Ufa hadi alipostaafu. Enzi hizo gari la aina hiyo halikuhitaji kusifiwa na yeyote, kwani lilikuwa limeshinda mbio za Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, na kila mtoto wa wakati huo alilijua kwa mngurumo wake hata kabla ya kuliona. Gari la mwisho la aina hiyo liliundwa nchini Mexico mwezi wa Julai mwaka 2003. La Mwalimu lilikoma kwenda mwaka 2017, mhimili mkuu wa injini ulipokatika. Likasukumwa hadi chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba yake viungani mwa mji wa Nakuru, na huko likakaa miaka sita. Kuku walitagia ndani yake. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walipita kila mwezi wakitaja bei kwa kilo.

Mkewe Mwalimu alikuwa radhi liuzwe. Yeye ni mchuuzi wa nafaka sokoni na hesabu zake hazina huruma. Gari lisilokwenda, alisema, ni kibanda cha kuku chenye matairi. Lakini Septemba 2023 bei ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, na nauli zikapanda kila mahali. Mwezi huohuo mamake Mwalimu, ambaye ana kisukari, alipata kidonda mguuni na kukatazwa na daktari kupanda bodaboda. Kliniki iko umbali wa kilomita 11, na teksi ya kwenda na kurudi ilitoza shilingi 1,500. Alitakiwa kuhudhuria kila wiki mbili. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kulitazama lile gari chini ya mparachichi kwa jicho jingine.

Hakuwa na uwezo wa kununua gari jingine, na kuifufua injini ya zamani kungegharimu fedha nyingi huku kiu yake ya petroli ikibaki palepale. Alikuwa amesikia habari za magari yaliyong'olewa injini na kutiwa mota za umeme. Nchini Kenya kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadilisha jina kuwa Roam mwaka 2022, ilianza kazi yake kwa kuyageuza magari ya kubebea watalii. Magari ya namna hiyo, hata hivyo, hutiwa mitambo mipya na betri za bei ghali. Mwalimu alikuwa na mkopo wa shilingi 150,000 kutoka chama cha ushirika, na hakuwa na hata senti zaidi ya hizo.

Bahati yake ilikuwa fundi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyefungua karakana mjini Nakuru. Fundi huyo alikuwa amefanya kazi miaka 14 katika maghala ya Kilindini, akitengeneza foklifti za umeme, yaani yale magari madogo ya kuinulia mizigo. Mwalimu alipomweleza haja yake, mzee yule hakucheka wala hakushangaa.

"Mwalimu," alisema, "foklifti ni gari. Hubeba tani mbili kutwa nzima bila tone la petroli. Iwapo yaweza hiyo, kobe wako atashindwaje? Ila mimi nitakuuliza swali moja kabla hatujashika spana. Wataka kwenda wapi?"

Mwalimu alijibu kwa haraka kwamba alitaka kwenda popote. Fundi akatikisa kichwa. "Popote ni mbali sana kwa laki moja na nusu. Nambie shule iko wapi na kliniki iko wapi."

Si kwamba gari la umeme ni uzushi wa jana. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme karibu na Paris na kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo hakuna gari la barabarani lililokuwa limelitenda kabla ya hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya umeme yalikuwa mengi katika miji ya Marekani, na yalipendwa kwa kuwa hayakuhitaji kuzungushwa kwa mkono ili yawake. Lakini mwaka 1912 gari la Cadillac lilitiwa mota ndogo ya kuwashia injini, na adha ya kuzungusha chuma ikaisha. La kuajabisha ni kwamba mota ndogo ya umeme ndiyo iliyolisaidia gari la petroli kuishinda mota kubwa ya umeme. Tangu hapo kilichobaki ni suala moja lililoiadhibu mota kwa miaka mia moja, nalo ni betri.

Suala hilo Fundi alilieleza kwa kijiti, akiandika mchangani. Walikuwa wamepata betri za volti 6 kutoka klabu moja ya gofu iliyokuwa ikibadilisha betri za vigari vyake. Kila betri ilikuwa na uzito wa kilo 28 hivi, na ilipokuwa mpya ilikuwa na uwezo wa ampea-saa 225. Ukiziunganisha betri nane katika mlolongo mmoja unapata volti 48. Ukizidisha 48 kwa 225 unapata wati-saa 10,800, yaani uniti 10.8 za umeme kama zinavyohesabiwa kwenye mita ya nyumbani.

"Sasa," Fundi akauliza, "lita moja ya petroli ina uniti ngapi?"

Mwalimu hakujua. Lita moja ya petroli huwa na nishati inayokaribia uniti tisa. Maana yake ni kwamba zile betri nane, zenye uzito wa kilo 224 kwa pamoja, zingebeba nishati ya lita moja na kidogo zikiwa mpya. Nazo hazikuwa mpya. Fundi alikadiria kwamba umri ulikuwa umekwisha kula sehemu kubwa ya uwezo wake, na kwamba zilizosalia ni uniti kama sita na nusu. Mwalimu aliduwaa. Angetumia mkopo wa ushirika, ambao ungelipwa kwa miaka mitatu, kununua tangi lisilofika lita moja!

Fundi alimpoza moyo kwa nusu ya pili ya hesabu. Injini ya petroli ni mfujaji mkubwa. Takriban robo tatu ya nishati inayoingia ndani yake hugeuka kuwa joto na kupotelea hewani, ilhali mota ya umeme huitia magurudumuni sehemu kubwa ya inachopewa. Kwa hivyo lita moja ya umeme huenda mbali kuliko lita moja ya petroli. Lakini betri za risasi na asidi nazo zina sharti lake, kwamba asiyetaka kuziua mapema asizikamue hadi tone la mwisho. Akichota zaidi kidogo ya nusu basi airudishe. Baada ya kujumlisha na kutoa, gari lingekwenda kilomita 24 kwenye barabara tambarare, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Shule ilikuwa umbali wa kilomita nne, na kliniki kilomita 11. Nambari zilitosha, ingawa zilitosha kwa kubanana.

Mwalimu aliandika makadirio yake katika daftari la shule. Mota ya foklifti iliyokongoroka pamoja na kidhibiti chake, shilingi 38,000. Betri nane, shilingi 64,000. Kazi ya kukereza vyuma, 14,000. Nyaya nene, fyuzi na swichi, 16,000. Chaja, 12,000. Jumla ilikuwa shilingi 144,000. Alimwonyesha mkewe ukurasa huo kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata maksi zote.

Mkewe aliusoma mara mbili. "Mwalimu, breki ziko wapi katika hesabu hii?"

Hazikuwepo. Gari lilikuwa limesimama miaka sita, mitungi ya breki imeshika kutu, na mhesabu alikuwa amefikiria namna ya kuliendesha bila kufikiria namna ya kulisimamisha. Breki ziligharimu shilingi 11,000. Pengo hilo lilizibwa na kile kilichotolewa garini, kwani mkereketwa mmoja wa magari ya kale alizinunua kabureta, ekzosi, tangi na mabaki ya injini kwa shilingi 15,000. Ndipo Mwalimu alipojifunza kwamba katika kazi ya namna hiyo kinachoondolewa kina thamani sawa na kinachowekwa. Alijifunza pia kwa nini Fundi aliusifu uzee wa gari lile. Lilikuwa jepesi, usukani wake haukutegemea injini, wala breki zake hazikuhitaji nguvu ya injini ili zishike. Kila kifaa ambacho gari halikuwa nacho kilikuwa akiba.

Kazi ilianza likizo ya Desemba. Injini ya gari hilo hushikwa na boliti chache tu, na wanaume watatu waliishusha kwa jeki kabla ya chai ya saa nne. Kazi ngumu ilikuwa kuioza mota kwa giaboksi ambayo haikuumbiwa. Bamba nene la chuma lilitobolewa matundu ya kushikia pande zote mbili, kisha kiungio kikakerezwa kutokana na kitovu cha sahani ya klachi ya zamani, ili meno yake yaingie sawasawa kwenye mhimili wa giaboksi. Bamba la kwanza lilikosea kwa unene wa ukucha. Mota ilipozunguka gari zima lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Fundi hakukubali lipite. Likakerezwa la pili.

Kabla ya kuifunga mota Fundi aliijaribu sakafuni kwa betri moja ya volti 12, baada ya kuifunga kwa mnyororo. Mwalimu aliuliza kwa nini asiipe volti zote 48 ili nguvu yake ionekane. Fundi alimgeukia kwa uso usio na mzaha. Mota ya aina ile, alisema, hutaka mzigo. Ukiipa umeme wote nayo haivuti kitu, haitosheki na mwendo; huongeza, na kuongeza, hadi inajipasua yenyewe. "Ni kama kijana aliyepewa fedha kabla hajapewa kazi," akamaliza.

Maneno ya Fundi yalimfanya Mwalimu abebe daftari la pili, la msamiati. Kile chombo kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota kulingana na mguu wa dereva, Mwalimu alikiita kidhibiti, kama kitabu kinavyotaka. Fundi alikiita bawabu. Alieleza kwamba hakiupunguzi umeme kama bomba lipunguzavyo maji, bali huufungulia mlango na kuufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Mguu ukikanyaga zaidi, mlango hukaa wazi muda mrefu zaidi kila unapofunguliwa. Mwalimu alitafakari kwamba neno "kidhibiti" humwambia msikilizaji chombo kinafanya nini, lakini neno "bawabu" humwonyesha kinavyokifanya. Istilahi za aina hiyo hazikuwa zimepitia katika kamati yoyote. Zilikuwa zimezaliwa ghalani, kati ya watu waliolazimika kuelewana upesi kabla ya mzigo kuanguka.

Betri nne ziliwekwa mbele, mahali pa tangi, na nne nyuma baada ya kiti cha nyuma kuondolewa. Zile za nyuma zilifungiwa katika sanduku lenye kifuniko, bomba na feni ndogo ya kutolea hewa nje, kwa sababu betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikikusanyika hungoja cheche moja tu. Fundi alivua saa na pete kila alipozikaribia. Alisema kwamba volti 48 huenda zisimuue mtu kwa urahisi, lakini spana ikizigusa nguzo mbili za betri huyeyuka mkononi.

Ni hapo kwenye betri ndipo Mwalimu alipokosea. Fundi alikuwa amezipima kumi alizoletewa, moja baada ya nyingine, kwa kuziunganisha na taa na kutazama saa. Saba zilidumu vizuri na mbili zilikufa upesi zikatupwa kando. Ya kumi ilikuwa ya katikati, haikuwa mzima wala mgonjwa. Fundi alishauri itafutwe nyingine. Lakini muuzaji alikuwa radhi kuitoa bure, na Mwalimu, aliyekuwa ameshatumia kila shilingi na kuanza kugusa fedha za sabuni, aliona kwamba saba nzuri zingeibeba moja dhaifu. Si ndivyo jamii inavyoishi? Fundi alimtazama kwa muda mrefu. "Katika watu, ndiyo," akasema. "Katika betri, siyo. Hizi zimeshikana mikono. Umeme uleule hupita kwa kila moja. Aliye dhaifu hukamuliwa sawa na mwenye nguvu." Mwalimu alisisitiza. Katika daftari aliandika "betri nane, shilingi 64,000" kama ilivyokuwa katika makadirio, na zile elfu nane alizookoa akazilipia deni la duka la vipuri ambalo mkewe hakulijua.

Gari lilitoka karakanani Januari 2024. Lilipelekwa kukaguliwa, kwani sheria haimruhusu mtu kubadilisha injini na kunyamaza, na mkaguzi alilizunguka mara tatu akitafuta namba ya injini hadi alipoonyeshwa kibati cha mota. Karatasi za gari na za bima zilipokamilika, Mwalimu alianza kwenda nalo shuleni. Watoto wa mtaa walilikimbilia mbiombio wakishangaa kwamba kobe limekuwa bubu. Kila jioni Mwalimu alilichomeka ukutani, na kila asubuhi mita ya volti ilionyesha kwamba betri zimejaa. Kilomita nane kwa siku hazikulishtua. Umeme wake ulikuwa wa gridi, ambao huchanganya vyanzo vingi, lakini Mwalimu alipenda kumwambia mamake kwamba sehemu yake hutoka chini ya miguu yao: Olkaria, ambako mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na Menengai, juu ya mji wao, ambako mtambo wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023.

"Kumbe tunabebwa na ule mvuke," bibi kizee alisema. "Basi uheshimu."

Siku ya kliniki ilifika. Kwa hesabu ya Mwalimu, kilomita 22 zilikuwa ndani ya 24. Walikwenda salama. Walingoja foleni saa nne, kidonda kikasafishwa, wakaanza safari ya kurudi. Katika kilomita ya 17 kilima kilianza, na gari likaanza kupungukiwa. Mwendo ulishuka hadi 30, kisha 20, kisha ukawa wa mtu anayetembea. Halafu bawabu akafunga mlango kabisa. Gari lilisimama kimya, kama lilivyokuwa likisimama chini ya mparachichi.

Vijana wa bodaboda walilisukuma hadi ukingoni mwa barabara. Mmoja wao aliuliza kama lina petroli. Mamake Mwalimu alikuwa amekaa wima, mkoba wa dawa mapajani, mguu uliofungwa bendeji ukiwa umenyooshwa mbele. Hakulalamika. Baada ya kitambo alisema, "Baba yako pia aliwahi kuishiwa njiani, mwanangu. Lakini yeye alikuwa akijua ni kwa nini."

Fundi alifika juu ya bodaboda, amebeba mita na kipande cha waya mnene. Alizipima betri moja baada ya nyingine. Saba zilionyesha takriban volti sita kila moja. Ya nane ilionyesha chini ya tatu. Hakusema lolote la kulaumu. Alifungua nyaya za ile ya nane, akaiacha nje ya mlolongo, na kuunganisha majirani zake wawili kwa kile kipande cha waya. Kisha akamwambia Mwalimu aendeshe. Gari likapanda. Lilipanda polepole, lakini lilipanda. Betri saba nzima zilikishinda kilima ambacho betri nane, moja ikiwa mbovu, zilishindwa nacho. Ile dhaifu haikuwa ikisaidia kidogo kama Mwalimu alivyodhani. Ilikuwa imekwisha, na umeme wa wenzake ulipolazimishwa kupitia ndani yake ikawa mzigo wa kuvutwa.

Usiku huo Mwalimu alimfungulia mkewe daftari na kumwonyesha mstari wa uongo. Alitarajia hasira. Mkewe alitoka nje, akarudi na gorogoro mbili anazopimia mahindi sokoni. Moja ilikuwa imebonyea upande.

"Hii ilianguka mwaka jana," alisema. "Niliiweka kando siku hiyohiyo. Ukiuzia wateja kwa gorogoro iliyobonyea, unawaibia. Ukinunulia mzigo kwa hiyohiyo, unajiibia. Wewe umenunua mzigo kwa gorogoro iliyobonyea, kisha ukampandisha Mama juu yake."

Alitoa shilingi 8,500 kutoka fedha zake za chama, betri ya nane ikanunuliwa, na Fundi akaipima kwa taa na saa kabla haijaguswa. Sharti la mkewe lilikuwa moja. Daftari lingechorwa safu nane, na kila Jumapili jioni kila betri ingepimwa peke yake na nambari yake kuandikwa. Mita ya pamoja, alisema, ni kama maksi za wastani. Darasa linaweza kupata wastani mzuri huku mtoto mmoja akizama, na mwalimu anayesoma wastani tu hatamwona. Mwalimu, aliyekuwa akiusoma wastani maisha yake yote, hakuwa na jibu.

Safari ya kliniki nayo ilifikiriwa upya. Badala ya kutafuta betri zaidi, walitafuta ni wapi muda ulikuwa ukipotea. Saa nne za foleni ni saa nne ambazo gari husimama bure. Karibu na lango la kliniki kuna kibanda cha kuchajia simu na kutolea nakala. Chaja ya Mwalimu haifiki kilowati moja, hivyo soketi ya kawaida huimudu, na katika saa nne huweza kuvuta uniti tatu hivi. Mwenye kibanda alikubali shilingi 150. Tangu hapo safari ya kilomita 22 imekuwa safari mbili za kilomita 11, na betri zinaporudi nyumbani huwa bado na nguvu za kukipanda kilima.

Yamkini siku moja gari hilo litatiwa betri za lithiamu, za aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991. Hizo hubeba nishati ileile kwa uzito mdogo mno, na bei yake imekuwa ikishuka. Fundi ameshamweleza Mwalimu kwamba betri hizo huhitaji kifaa cha kielektroniki kinachoilinda kila seli peke yake, kikikata umeme mara tu moja inapozidiwa. Mwalimu alicheka aliposikia hayo. Wataalamu waliosomea kazi hiyo, baada ya utafiti wa miaka mingi, wamelichukua daftari la safu nane la mkewe na kulifungia ndani ya betri.

Kwa sasa gari halijawahi kufika Nairobi, ambako ni kilomita 160 hivi, wala halitafika. Anayetaka gari la kwenda popote hatalipata kwa laki moja na nusu, na anayemwahidi mwenziwe kwamba atalipata anamdanganya. Wanaolicheka husema ni gari la lita moja. Mwalimu hawapingi. Huwauliza tu kama wao wanajua safari zao za kila siku ni lita ngapi, na wengi hunyamaza, maana mwenye tangi kubwa hana sababu ya kuhesabu.

Kidonda cha mamake kimepona, ingawa kliniki haijaisha. Kila siku ya miadi huamka mapema, akavaa leso yake, na kuketi barazani akingoja mlango wa gari ufunguliwe. Katika kikapu chake hutia kadi ya kliniki, ndizi mbili, chupa ya maji, na waya wa kurefushia umeme uliokunjwa vizuri. Waya huo hamwachii mtu mwingine aubebe. Kabla ya kupanda humuuliza mwanawe swali lilelile.

"Umezipima zote nane?"

Naye humwonyesha daftari.